Wageni Uliowanawisha Mikono

Skola, kule Morogoro hukufungwa na wale watoto. Nilikufunga mimi mama yako, nikiwa nimekaa hapa hapa Ifakara na simu mkononi. Nimeonyeshwa leo asubuhi kwenye daftari lako, kwa mwandiko wako mwenyewe.

Haya, sasa ndiyo nikusalimie. Hujambo mwanangu. Mimi sijambo, ni miguu tu, na hiyo unaijua. Mchana huu uko kwa msusi, na msusi wako ana maneno mengi kuliko uzi, kwa hiyo najua nina muda. Nimekaa juu ya kigoda jikoni, karatasi iko juu ya sinia. Kesho asubuhi unapanda basi la Dodoma kwenda shule ya watu waliokuchagua kwa sababu ya kichwa chako, na barua hii utaikuta ndani ya tranka, katikati ya khanga mbili. Nimeishia darasa la saba, lakini ukiisoma utadhani imeandikwa na karani wa wilaya. Kuandika najua. Kuongea pia najua, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mambo ya chandarua, sabuni na kuchemsha maji siyaandiki. Una akili, na matroni watakuwepo.

Nikwambie nilivyolipata daftari. Nilikuwa nageuza godoro lako lipigwe jua, daftari likadondoka. Nikafungua. Nikakuta herufi na namba, herufi na namba, ukurasa mzima, hakuna neno hata moja la Kiswahili. Moyo ukanilipuka. Nikasema tayari, mtoto ana kijana, na wana lugha yao ya siri. Sikuvaa hata kandambili zinazofanana. Nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Pius, maana yeye ndiye aliyekufundisha sataranji na kukaa na wewe jioni zote zile darasani, nikamtupia daftari mezani.

"Mwalimu, nisomee huyu kijana anamwambia nini mwanangu."

Mwalimu akaangalia. Akaangalia tena. Akaanza kucheka mpaka akavua miwani.

"Mama Skola, huyu kijana anaitwa farasi. Hapa anatoka huku anaruka kwenda kule. Hii ni michezo ya yale mashindano ya Morogoro mwaka jana. Kila mchezaji anaandika anavyosogeza kete zake."

"Yote imeandikwa humu?"

"Yote. Ukitaka nakuchezea."

Nikataka. Mimi nimeuza vitumbua stendi miaka kumi na tano, najua kukaa na kuangalia. Akatandika ubao, akapanga kete, akawa anasoma daftari na kusogeza, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi. Michezo miwili ya kwanza, ile ya Jumamosi asubuhi, hata mimi nisiyejua kitu niliona. Ulikuwa unamsukuma mwenzako taratibu kama mtu anayefagia uwanja, unakusanya tu pembeni. Mwalimu akasema, "Angalia hapa. Watu wazima hawaoni hii." Nikavimba kichwa. Unajua ninavyovimba.

Halafu akaanza mchezo wa tatu, wa Jumamosi baada ya chakula. Akasogeza, akasogeza, akafika mahali akasimama na kidole juu ya daftari.

"Hapa kuna alama ya sawasawa. Maana yake mwenzake aliomba sare. Aliomba waache, wagawane, kila mtu apate nusu."

"Skola akasemaje?"

"Alikataa. Na mchezo wenyewe ulikuwa umelingana kabisa, Mama Skola. Mimi mwenyewe ningekubali, nikanywe chai. Badala yake angalia, anamtoa malkia huku, peke yake, analazimisha. Zamu tano mbele, amekwisha." Akainama karibu na karatasi. "Na hapa pembeni ameandika kitu baada ya mchezo. Hii sijawahi kuiona."

Ulikuwa umeandika kwa herufi ndogo sana: Mama hataki nusu.

Mwalimu hakuniangalia. Aliangalia dirishani, akasema, "Na simu nilimpa mimi."

Unaikumbuka ile simu, Skola. Mimi nilikuwa nimeisahau kabisa, kama mtu anavyosahau jiwe alilorusha. Ilikuwa saa saba mchana, nimepiga kwa Mwalimu, nikamwambia mpe mtoto. Ukasema, "Shikamoo mama, nimeshinda mbili," na sauti yako ilikuwa inacheka. Badala ya kukwambia kula, pumzika, nikaanza. Nikakwambia kuku wanane wamechinjwa. Nikakwambia mchele wa Mofu, ule wa shamba letu wenyewe, umeshachaguliwa mawe. Nikakwambia shangazi yako ametoka Chita na ngoma yake, bodaboda kumi na mbili zitakupokea stendi Jumapili jioni zimefungwa majani, na kila mtu nimeshamwambia. Ukaniuliza, "Mama, nikitoa sare moja je? Wengine ni wazuri." Nikakuuliza sare ndiyo nini. Ukanieleza ndiyo nusu. Nikasema, na Bi Zuhura wa dukani alikuwa amesimama hapo anasikia, nikapaza sauti ili asikie vizuri: "Nusu? Mimi sikuzaa mtoto wa nusu. Usiniletee nusu hapa. Leta nzima au usilete."

Ukasema, "Sawa mama." Ukarudi kwenye ubao na kuku wanane mgongoni.

Baada ya hapo Mwalimu alinichezea mitatu iliyobaki, yote ya Jumapili. Nilimwambia asiruke. Mchezo wa nne, akasema, "Skola huanza hivi kila siku ya maisha yake. Siku hii ameanza vingine, vitu alivyoviona kwa mtu mwingine." Ukapigwa. Wa tano uliumaliza kwa muda mfupi mno, kete zinatoka kama zinakimbia nyumba inayoungua, ukapigwa tena. Wa sita, Mwalimu alisema yule mtoto uliyecheza naye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza, alikuwa hata hajui vizuri, na ulikuwa umeshamshinda. Mfalme wake alikuwa amebaki na pumzi moja. Hukuona. Mwalimu akanionyesha mahali penyewe, na nikaona mimi, Skola. Mimi muuza vitumbua niliona. Wewe hukuona, ukapigwa hata na huyo.

Basi nimetembea kurudi nyumbani nikijiuliza. Mtu anayejua, anawezaje kushindwa kufanya kile kile anachokijua?

Halafu nikakumbuka kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, na wewe nitakwambia, kwa sababu unaondoka na hutapata nafasi ya kunicheka usoni.

Vitumbua vyangu unavijua. Sijisifu, ni habari tu. Mabasi ya kwenda Mlimba yanasimama. Wapo watu wameoa kwa vitumbua vyangu. Mwaka ule wewe ukiwa unatambaa, parokia ilikuwa na jubilei ya padre, wageni wanatoka kila pembe, nikapewa kazi ya vitumbua vya watu wote. Mimi, nikawaacha wanawake wote wa kanda. Nilipita barabarani siku ile utadhani barabara nimeichimba mimi. Sasa kile chuma changu cha vitumbua, ambacho bado ninacho, ni cheusi kama chungu cha pombe. Nikakionea aibu. Nikasema siwezi kuweka kitu hiki mbele ya wageni. Nikaazima chuma kipya, kinang'aa, unajiona uso.

Chuma kipya hakijazoea mafuta. Mtoto wa darasa la tatu anayesaidia mama yake anajua hilo. Mimi nilijua kuliko mtu yeyote wilaya nzima. Vile vya kwanza vikashika, vikatoka vipande. Wanawake wakasogea kuangalia. Nikaongeza moto. Vya pili vikaungua nje, ndani uji. Kufikia hapo, mwanangu, nilikuwa sikaangi tena vile vilivyo mbele yangu. Mikono ilikuwa inamwaga unga mpya, lakini moyo ulikuwa bado unakaanga vile vya kwanza, unavigeuza, unavikwangua, unavionea aibu. Nikaharibu beseni zima. Padre wa jubilei alikula mkate wa dukani. Na chuma changu cheusi kilikuwa nyumbani, dakika kumi kwa miguu. Hakuna aliyenizuia kukifuata. Sikukifuata kwa sababu watu walikuwa wananiangalia, na kukifuata ilikuwa ni kukubali mbele yao kwamba nimeshindwa.

Mwanamke mmoja, hayupo tena Ifakara, alisema kwa sauti, "Kumbe ni mdomo tu." Nililia chooni. Nikaapa sitaaibika tena hivyo mbele ya watu.

Ungetegemea mtu aliyewahi kusikia neno lile hatamwambia mwanawe. Mimi nilikufanyia zaidi.

Nataka niandike siku ya stendi yote, sitaki kuificha hata kipande, kwa sababu wewe umeinyamazia mwaka mzima na mimi nimejifanya kunyamaza kwako ni adabu.

Mwalimu alinipigia Jumapili mchana kunieleza matokeo. Ningeweza kuwaambia watu waende nyumbani. Ningeweza kuifunika ile sufuria. Nikasema hapana, pilau imeiva, watu wameacha kazi zao, aibu hii sitaibeba peke yangu. Ulishuka kwenye basi na mfuko wako mgongoni, bodaboda zikapiga honi, shangazi yako akagonga ngoma mara mbili, halafu akaona uso wako, akaacha. Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Bingwa, mbona kimya? Kombe limebaki kwenye buti?" Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kujaribu, wananiangalia mimi kama wanaruhusiwa.

Nikawaruhusu. Nilisema, "Watu hawa nimewaita waje kuona nini? Uso wako?"

Ukasema, "Shikamoo mama."

Sikuitikia.

Nyumbani watu wamekaa kwenye mikeka, wameshikwa na njaa, na wewe ulikuwa unaelekea chumbani. Nikakuita. Nikakupa jagi na beseni. Wageni wa kwako, waliokuja kwa ajili yako, ambao kwa haki ungekaa katikati yao unawishwe wewe wa kwanza. Nikasema mbele ya wote, "Zunguka unawishe. Huenda mikono yako ikajifunza kazi, maana kusogeza kete imeshindwa." Ukapiga magoti. Ukaanza kwa wazee. Mtu na mtu, kila mkono, maji yanamwagika, unasema "karibu", unasogea. Yule kijana wa bodaboda akapaza sauti, "Oneni, malkia ananawisha leo!" Wakacheka wote.

Na mimi nikacheka. Nilicheka kuliko wote, Skola. Nilipiga na makofi.

Ni Bi Zuhura tu ambaye hakucheka. Ulipofika kwake alikushika mkono uliokuwa na jagi, akakwambia, "Inuka, mwanangu, mimi nimenawa kwangu." Nilimchukia jioni ile. Nilisema anajifanya mwema. Baba yako nilipompigia kule kwenye mashamba ya miwa na kumsimulia, nikitegemea acheke na yeye, alisema, "Ungemchapa tu. Ingekuwa afadhali." Akakata.

Na bado sikuelewa. Wiki nzima nilikuwa nikiulizwa sokoni, nami najibu. Kwanza nilisema chakula cha bweni kilikuharibu tumbo. Halafu nikasema kuna mtu amekutupia jicho, na nikataja jina la mtu, Mungu anisamehe. Mwisho nikatulia kwenye moja, nikasema umejivuna. Mimi. Nilisimama stendi na mdomo wangu huu nikawaambia watu kwamba mwanangu ameponzwa na majivuno.

Tangu siku ile umenipa salamu kila asubuhi, na salamu yako imekuwa kama ya mtu anayempita mjumbe barabarani. Shikamoo, basi. Umefaulu, umeosha vyombo, umekwenda Mofu kuamia ndege kwenye mpunga bila kukumbushwa, na hukuniambia hata neno moja lisilo la lazima. Shule hii ya Dodoma sikuisikia kwako. Nilisikia kwa Mwalimu kwamba uliendelea kucheza naye kimya kimya, kwamba kuna watu waliona michezo yako wakakutaka. Na mimi hapo hapo nikaenda nikawatangazia stendi nzima. Ndivyo nilivyo. Hata leo asubuhi nilipotoka kwa Mwalimu na machozi yangu, nilikutana na mama muuza ndizi, nikamwambia, "Unajua mwanangu michezo yake inaandikwa na kusomwa kama Injili?"

Sikuombi unisamehe. Nikikuomba, itabidi unijibu, na wewe ni mtoto mwenye adabu, utasema "nimesamehe mama" kwa sauti ile ile ya "sawa mama". Sitaki tena sawa mama kutoka kwako. Sawa mama ilikupigisha michezo minne.

Ila jambo moja nalijua sasa, na nimelilipia, ninakuachia. Huko unakokwenda utafungwa tena. Sikutishi. Wote watakaokuwepo ni wazuri, na anayekaa mbele ya mtu mwenye jina hana cha kupoteza, anacheza kama amekunywa. Siku nyingine utafungwa na mtu ambaye hata kukufungia kamba ya kiatu hawezi. Mwalimu ameniambia hata wakubwa wa dunia huwa na wiki kama ile, wanaingia wa kwanza wanatoka wa mwisho, na wiki inayofuata ni wale wale, wanajua yale yale. Kujua hakuendi popote. Kilichokwenda Morogoro kilikuwa kichwa chako, kikafika salama. Waliokuwa wamekaa ndani ya kichwa hicho ni mimi, kuku wangu na bodaboda kumi na mbili. Pale pa kufikiria palikosa nafasi.

Kwa hiyo nimewatoa. Mashindano yenu ni mwezi wa tano, Mwalimu ameniandikia siku. Wiki ile nzima simu yangu itafungiwa kwenye kabati la Bi Zuhura. Nimetoka kwake sasa hivi, kabla sijakaa kuandika.

Akaniuliza, "Wiki nzima? Na nikikuona unazungukazunguka hapa dukani?"

Nikamwambia, "Nifukuze."

"Mama Skola, utakufa wewe."

"Nitakufa nimenyamaza. Itakuwa mara ya kwanza."

Alicheka, lakini ufunguo amenionyesha. Ukifungwa, hutakuwa na mtu wa kumpigia hapa. Ukishinda pia. Ukitoa sare, toa, ule chakula chako, ulale. Sitajua mpaka ushuke kwenye basi, na ukishuka sitakuuliza.

Na chuma changu cheusi nimekisugua kidogo tu nje, ndani sikugusa. Nilitaka nikuwekee kwenye tranka, baadaye nikaona ni wazimu, utakwenda kukaanga nini bwenini. Lakini daftari lako nimelirudisha mahali pake, na ule ukurasa sijaufuta. Ungefutika, nilijaribu kidole. Nikaacha.

Nimebakiza la mwisho. Leo nilipotoka kwa Mwalimu, nikamaliza na muuza ndizi, nilipita nyumba kwa nyumba. Nilianzia kwa yule kijana wa bodaboda. Nimewapitia wote waliokuwa kwenye mikeka siku ile, na wa Chita nimempigia. Nimewaambia nina wageni mwezi wa sita, utakapokuwa umerudi likizo, na wanaotakiwa ni wao wao, asipungue mtu. Kijana akaniuliza, "Tunakuja kumpongeza bingwa? Na akifungwa tena?" Nikamwambia hamji kumpongeza mtu. Mnakuja kunawa.

Jagi ni lile lile, beseni ni lile lile. Wewe utakaa kwenye mkeka katikati, na mikono ya kwanza kumwagiwa maji itakuwa ya kwako, halafu yao, mmoja mmoja, wazee kwa vijana, na anayezunguka kwa magoti ni mimi. Atakayetaka kucheka, acheke. Nimewaambia waje na sauti zao zote.

Kama hutaki kuja, usije, nitawanawisha bila wewe, na mahali pako mkekani patabaki wazi wapaone.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita, saa saba mchana, baada ya misa ya pili. Wote wanakuja.

Mama yako